Mkulima wa Kinakomba na umma wa juu ya miti



Swali la juma hili halikuja kwa barua. Lilinikuta msikitini nilipokwenda Kinakomba kuzuru jamaa zangu, na aliyeliuliza ni mzee niliyemjua tangu utotoni, mimi nikiwa mwana wa chuoni na yeye akiwa kijana wa kupiga kafi. Aliningoja nimalize nyiradi baada ya swala ya Ijumaa, akasogea mkekani, akashusha sauti.

"Sheikh, nataka hukumu, sitaki nasaha. Nasaha nimeshiba."

"Sema, mzee wangu."

"Nina mahindi ukingoni mwa mto, robo tatu ya ekari. Jumatatu nilikwenda Hola kumuuguza mke wangu. Niliporudi Jumanne jioni nilikuta mabua matupu. Hawakula tu, walivunja hata yale wasiyoyala. Jirani yangu atia dawa ya kuogeshea ng'ombe ndani ya ndizi mbivu, na tangu aanze hawamsumbui. Nami nataka kutia. Ni halali au ni haramu?"

Nilimwomba muda. Nikamwahidi kumjibu kwa mdomo kabla sijaondoka, kisha niandike katika safu hii, maana anayeuliza hivyo si yeye peke yake. Tangu Wenje hadi Mnazini nimesikia swali hilo hilo likiulizwa kwa hasira, na hasira hiyo ina sababu. Mtu aliyepoteza chakula cha miezi minne kwa asubuhi moja hafai kujibiwa na mtu aliyeketi mjini akipenda picha za wanyama ukutani.

Walimu wetu walitufunza kuwa hukumu ya jambo hufuata kulijua jambo lenyewe. Basi kwanza tuulize: ni nani hao waliovunja mahindi?

Sisi watu wa mtoni tukikasirika, wote ni nyani. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Katika msitu wa ukingo wa Tana mna aina kadhaa za wanyama wa jamii hiyo. Yuko nyani mwenyewe, yule wa pua ndefu, atembeaye chini kwa makundi kama jeshi. Huyu ndiye mwizi mkuu wa mashamba, wala hana uchache, kwani yuko karibu kila mahali katika nchi hii. Yuko tumbili, mjanja na mwepesi, naye ni wa pili kwa wizi. Yuko kima. Kisha wako wawili ambao Mwenyezi Mungu hakuwaweka popote pengine katika ardhi yake ila hapa petu. Wa kwanza ni mbega mwekundu wa Tana. Wa pili ni yule ambaye wataalamu humwita mangabei wa Tana, wa rangi ya kijivu inayoelekea hudhurungi, nywele za utosini zimemsimama.

Nitoke kidogo nje ya mada. Wanyama hawa wawili walipewa majina yao ya kitaalamu mwaka 1879 na Mjerumani aitwaye Peters. Nimeyauliza maana yake nikaambiwa kuwa kwa Kilatini mmoja ni "mwenye kofia", na mwingine ni "mwenye kilemba chekundu". Nilicheka. Msituni kwetu wamo wenye vilemba na kofia ambao hatukuwatambua miaka yote hiyo.

Turudi. Mbega mwekundu hana hamu kubwa na mahindi yako. Chakula chake ni majani machanga, maua, na matunda yasiyoiva, na tumbo lake limegawika vyumba kama la ng'ombe ili liyasage majani hayo. Hana kidole gumba cha maana. Hapendi kushuka chini. Maisha yake yote ni juu, hutoka mti hadi mti, na mahali miti ilipokatika ndipo ulimwengu wake unapokoma. Mangabei yeye hushuka, hutembea chini akiokota mbegu na matunda, na mara nyingine huingia shambani. Simtakasi. Lakini ukimlinganisha na nyani ni kama kumlinganisha mtoto aliyeokota embe njiani na genge lililovunja duka.

Sasa ile ndizi yenye dawa yawekwa chini, ukingoni mwa msitu. Nani ataiokota? Nyani ni hodari wa kushuku. Akimwona mwenziwe aanguka, kesho atapita mbali. Atakayeiokota ni mangabei, na kanga wa porini, na mbwa wa jirani. Mzee mwenyewe aliniambia kuwa mbwa watatu wamekwisha kufa kijijini na mbuzi mmoja, na mwenye mbuzi hajui bado sababu. Mimi nami sikumwambia, jambo ambalo lanisumbua hata sasa ninapoandika.

Tutazame hesabu yao, kwa kuwa hesabu ndiyo inayolifanya jambo hili kuwa zito. Sensa ya kwanza ya wanyamapori wa nchi nzima, iliyotangazwa mwaka 2021, ilihesabu ndovu 36,280. Ndovu kila mtu amlilia, na vyema wamlilie. Lakini mbega mwekundu wa Tana, katikati ya miaka ya 1970, alikadiriwa kuwa kati ya 1,200 na 1,800 tu. Mwaka 1994 wataalamu walipopita tena misitu yote ya ukingoni walikadiria mbega kati ya 1,100 na 1,300, na mangabei kati ya 1,000 na 1,200. Hao ndio wote. Hawako Tanzania, wala Kongo, wala upande wa pili wa Kenya. Wanaishi katika ukanda wa mto usiozidi kilomita chache kwa upana, kati ya Bura na Garsen, katika vipande vya msitu vilivyotengana kama visiwa. Ungewaita wote waje kuswali Idi, wasingejaza uwanja.

Watu huniuliza: wapungua kwa nini, ilhali hakuna awalaye? Ni kweli, sisi hatuli nyama hiyo. Jawabu liko katika miti, na jawabu la miti liko katika maji.

Msitu wa Tana hauishi kwa mvua. Mvua yetu ni haba, na ukitoka mtoni mwendo wa nusu saa umeingia nyika ya miiba. Mikuyu, mikindu na miti mingine mirefu yaishi kwa mto: kwa maji yaliyo chini ya udongo, na kwa mafuriko yanayopanda ukingoni na kuacha tope jipya ambalo mbegu huotea. Nasi twaishi kwa mafuriko hayo hayo. Mpunga wetu na ndizi zetu ni watoto wa tope moja na mikuyu. Lakini juu kule mto umefungwa: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Umeme wake wawasha taa za miji, nami ninapoandika haya taa yangu yawaka, sikanushi. Lakini mafuriko ya kawaida yamepunguzwa nguvu, na yakija huja kwa ghadhabu, kama yale ya El Nino ya 1997, yakachukua nyumba na makaburi. Na mto wenyewe huhama. Mwaka 1989 uliuacha mradi wa kunyunyizia wa Hola ukiwa mkavu, pampu zikabaki zinatazama mchanga. Mto ukihama, msitu uliobaki nyuma hufa polepole, mti mmoja mmoja, na ule mpya huchukua miaka mingi kusimama.

Juu ya hayo yaja mashoka yetu. Tumefyeka ukingo kwa sababu ukingo ndio penye rutuba, na watu wameongezeka. Tumekata miti mikubwa ya kuchonga mitumbwi na ya kujengea. Na mkindu nao una habari yake. Mbegu na matunda ya mkindu ni chakula kikuu cha mangabei, na majani yake machanga ndiyo ukili wa mikeka. Mkeka tuliokalia mimi na mzee tukizungumza habari ya kumuua mangabei ulisukwa kwa mti unaomlisha. Kusuka hakuuui mkindu ukikata kwa kiasi. Kinachouua ni kugema tembo: shina likichomwa kisu kileleni siku baada ya siku, mti wote waenda. Na hapa sina haja ya kutaja hukumu, kila msomaji aijua, na wagemaji waijua kuliko wote.

Basi je, mzee huyu ndiye mkosa? Hapana, na hapa nataka kusema jambo ambalo baadhi ya wapenda wanyama hawatalipenda.

Mwaka 1976 serikali ilitenga eneo la kilomita za mraba zipatazo 169 pande mbili za mto, likaitwa hifadhi ya nyani wa Mto Tana (hata jina twalitia nyani, naye ndiye asiyehitaji hifadhi). Nia ilikuwa njema. Lakini ndani ya mipaka hiyo mlikuwa na mashamba ya watu, na makaburi ya wazee wao, na njia za wafugaji za kushusha mifugo mtoni. Hakuna aliyeketi na wazee wa gasa akawauliza. Katika miaka ya 1990 ukaja mradi mkubwa wa fedha za kimataifa, na pamoja nao mpango wa kuwahamisha watu. Baadhi walikubali wakahamia upande wa Kipini. Wengine wakakataa, na nyumba zikagawanyika, ndugu kwa ndugu. Mwishowe jambo likafika Mahakama Kuu, na mwaka 2007 ikatamka kuwa hifadhi ile haikuwekwa kwa kufuata sheria. Miaka 31 ya ulinzi ikakutwa haina msingi, kwa sababu ya mkutano mmoja ambao haukuitishwa.

Wenye kusoma sira wanajua kuwa kutenga ardhi kwa manufaa ya wote si jambo geni katika dini yetu. Yaitwa hima. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitenga hima ya Naqii karibu na Madina. Sayyidna Umar naye alitenga, akamweka mtumishi wake Hunayy aisimamie, na wasia aliompa umehifadhiwa katika Sahihi Bukhari. Muhtasari wake ni huu: awe mpole kwa Waislamu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa, mwenye ngamia wachache na kondoo wachache amwache aingie, ila mifugo ya matajiri, na hapo Umar akataja majina ya masahaba wakubwa wenye mali, asiwaonee haya. Kwani tajiri mifugo yake ikifa ana mitende na mashamba ya kurudia, lakini maskini mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake mlangoni kwa Amiri wa Waumini. Na Umar akaongeza kuwa watu hao wataona wamedhulumiwa, kwa sababu nchi ni yao, waliipigania tangu jahilia na wakasilimu wakiwa juu yake.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, lakini sikuielewa vizuri hadi niliposikia kesi ya 2007. Ng'ambo ya mto wapo jirani zetu Wasomali wa Ijara, nao wana mnyama wao, hirola, ambaye sensa ile ya 2021 ilimhesabu 497 tu. Mwaka 1996 serikali ilipotaka kuwahamishia wengine Tsavo, wenyeji walikwenda mahakamani kupinga. Hawakukataa mnyama atunzwe, walikataa achukuliwe. Na ni wafugaji hao hao waliotenga malisho yao wenyewe pale Ishaqbini, na mwaka 2012 wakapokea hirola 48 ndani ya uzio, na baada ya miaka michache wakazidi mia. Sisemi mambo yao yote yamenyooka. Nasema waliulizwa.

Sasa hukumu, maana mzee alisema hataki nasaha.

Kumfukuza mnyama anayeharibu mali yako ni haki yako, halina shaka. Katika fiqhi ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo tuliyosomeshwa pwani hii, mlango wa kumzuia mshambulizi wahusu mnyama kama uhusuvyo mtu, na sharti lake ni kuanza na jepesi. Ukelele ukitosha, usipige. Fimbo ikitosha, usitumie silaha. Nyani dume akikukabili shambani wala hurudishi kwa lolote ila kumuua, huna dhambi. Hilo ni la mnyama mmoja, kwa wakati wake, aliyekuja kwako.

Sumu si hivyo. Sumu haimzuii mshambulizi, yaua atakayepita. Yaua asiye na kosa pamoja na mwenye kosa, na yaua mali ya jirani, na mvua ikinyesha yateremka mtoni ambako wake zetu wateka maji ya kunywa. Kuidhuru nafsi ya mwenzio ili uondoe dhara yako ni jambo ambalo sheria yetu imelikataa waziwazi. Kwa hiyo nilimwambia mzee: ni haramu, na jirani yako ana deni la mbuzi.

Na kuna la pili, zito kuliko la kwanza. Katika Sura ya Al-An'am, aya ya 38, Mwenyezi Mungu ametufundisha kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Na imepokewa katika hadithi ya mbwa kuwa lau si kuwa wao ni umma katika nyumati, Mtume angaliamuru wauawe. Wanazuoni wamefahamu hapo kuwa kumuua mmoja mwenye madhara ni jambo moja, na kuufuta umma mzima juu ya ardhi ni jambo jingine kabisa. Umma wa watu elfu moja na kitu, wasio na nduguye popote, ndizi chache zenye dawa zaweza kuufuta kijiji kwa kijiji. Ni nani kati yetu atakayesimama na jawabu la hilo?

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Vyema. Sumu nimeiacha. Nitakula nini?"

Wapenda wanyama wangemwambia aombe fidia. Niliitafuta. Sheria ya wanyamapori ya 2013 yataja fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama, na fidia ya mazao yaliyoharibiwa na ndovu, nyati, kiboko na wengineo. Nyani na tumbili hawamo katika orodha. Mkulima wa ukingo wa Tana yuko jirani na wanyama adimu kuliko ndovu, na anayemwibia kila siku ndiye asiyetajwa.

Nikamuuliza, "Zamani tulifanyaje?"

Alicheka, kwa kuwa jawabu lilikuwa mimi. Nilipokuwa na miaka minane nilikuwa mlinzi wa mahindi. Tulijenga dungu la miti katikati ya shamba, tukapanda alfajiri na kombeo na debe bovu, tukaamia hadi jua litue, tukipokezana. Nyani aliogopa debe kuliko bunduki. Mavuno yetu hayakuwa makubwa kuliko ya sasa, lakini tuliyavuna. Leo watoto wako shuleni, na wakitoka shuleni wako madrasa, na hakuna mwenye akili atakayewarudisha dunguni. Mimi ni miongoni mwa waliowatoa. Dungu likabaki tupu, nyani wakaliona tupu. Wao hawakuzidi ujasiri. Ni sisi tuliondoka.

Kwa hiyo baada ya Alasiri tuliketi watu tisa, wakiwemo vijana wawili waliomaliza shule na hawana kazi. Tukakadiria kuwa mashamba saba yanayopakana yaweza kulindwa na watu wanne kwa zamu, tangu mahindi yatoe mashada hadi yavunwe, yaani majuma sita au saba. Wenye mashamba watatoa chakula na sehemu ya mavuno. Lakini hiyo haitoshi kumweka kijana wa miaka ishirini juu ya dungu wakati rafikiye apata fedha kwa bodaboda, na hapo ndipo nililetewa swali ambalo sikuwa na jawabu lake pale: je, sadaka za msikiti zaweza kutumika?

Nimelipeleka kwa wenzangu. Sadaka ya hiari naona haina tatizo, maana ni kulinda chakula cha wahitaji. Zaka ina mafungu yake manane, na mkulima fukara aweza kupewa kwa ufukara wake, si kwa ulinzi wa shamba. Wakfu waweza kuanzishwa hasa kwa jambo hili. Na kama lipo shirika au idara inayopokea fedha kwa jina la mbega wa Tana, mlango wa kwanza wa kubisha ni huo. Ujira wa walinzi wanne kwa majuma saba ni kidogo kuliko gharama ya semina moja ya hotelini kuhusu mbega hao.

Maji yakishuka watu watapanda tena, na dungu yapasa liwe limesimama kabla ya mashada. Atakaye kuchangia miti, kamba au chakula amwone imamu wa msikiti wa Ijumaa Kinakomba. Mzee ameahidi kutoa debe. Na mwenye mbuzi, kama wasoma haya, nenda kwa jirani yako mzungumze kwa upole, ameshaambiwa.

Wallahu a'lam.